Namba Tasa Si Namba Isiyozaa

Watu wengi hudhani kwamba hesabu ni kazi ya mwenye duka na karani. Sivyo. Kila mtu anayegawa chakula, anayepanda miche kwa mistari, au aliye mwanachama wa kikundi, anahitaji hesabu. Mtu asiyejua hesabu huhesabiwa na wengine. Naye anayehesabiwa na wengine hupokea anachopewa, kiwe haki yake au kisiwe.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo vijijini na kufundisha pamoja na walimu wa kujitolea. Nimeona kwamba mwanakisomo akijua kujumlisha na kutoa, hufurahi. Akijua kuzidisha, hutembea kifua mbele. Lakini akifika kwenye kugawanya, mara nyingi huchoka. Husema, "Namba nyingine zinakubali na nyingine zinakataa. Nitajuaje?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zuri. Leo tutazungumza juu ya namba zinazokubali na namba zinazokataa.

KRETI NA TREI

Tazama kreti ya soda. Ina chupa 24. Zimepangwa mistari 4, na kila mstari una chupa 6. Tazama trei ya mayai. Ina mayai 30, yaani mistari 5 ya mayai 6. Dazeni ni vitu 12. Je, umewahi kuona kreti ya chupa 23? Sijapata kuiona hata mimi. Tuone kwa nini.

Chukua punje 24 za mahindi. Zipange mezani au chini kwa mistari iliyo sawa. Unaweza kupanga mstari 1 wa punje 24. Unaweza kupanga mistari 2 ya punje 12. Unaweza kupanga mistari 3 ya punje 8, au mistari 4 ya punje 6. Namba 24 inakubali kupangwa kwa njia nyingi.

Sasa ondoa punje moja. Zimebaki 23. Panga mistari 2. Kila mstari unapata punje 11, na punje 1 inabaki. Panga mistari 3. Kila mstari unapata punje 7, na punje 2 zinabaki. Panga mistari 4. Kila mstari unapata punje 5, na punje 3 zinabaki. Endelea mpaka uchoke. Kila mara kutakuwa na masazo. Njia ni moja tu, yaani mstari mmoja mrefu wa punje 23.

Namba inayogawa namba nyingine bila kubakiza kitu huitwa kigawo. Vigawo vya 24 ni 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Vigawo vya 23 ni viwili tu, yaani 1 na 23 yenyewe.

Namba yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, huitwa namba tasa. Namba yenye vigawo zaidi ya viwili si tasa. Kwa hiyo 23 ni tasa, na 24 si tasa.

Namba 1 je? Namba 1 ina kigawo kimoja tu, yaani yenyewe. Haikutimiza viwili. Kwa hiyo 1 haimo katika tasa, wala haimo katika zile zenye vigawo vingi. Inakaa peke yake.

Angalia pia usichanganye namba tasa na namba witiri. Namba witiri ni zile zisizogawanyika kwa 2, kama 3, 5, 7, 9, 11. Baadhi yake ni tasa na baadhi si tasa. Namba 9 ni witiri, lakini ni mistari 3 ya vitu 3. Kwa hiyo si tasa. Namba 15 ni mistari 3 ya vitu 5. Nayo si tasa. Kwa upande mwingine, 2 si witiri, lakini ni tasa. Ni tasa pekee inayogawanyika kwa 2.

JINA LILILOUMA

Katika kijiji kimoja nilifundisha somo hili. Niliandika ubaoni kama vitabu vya hesabu vinavyoandika: NAMBA TASA. Baba mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe hata namba zina matasa!" Watu wakacheka.

Mbele alikuwapo mama mmoja wa makamo. Alikuwa mwanakisomo hodari. Hakujaliwa kupata mtoto, na kijiji kizima kilijua. Hakusema neno. Alifunga daftari lake, akainamisha kichwa mpaka somo likaisha. Wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya pili hakuja.

Nilikwenda nyumbani kwake jioni. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo.

"Hodi mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu kigoda."

Tulisalimiana habari za nyumbani na za shamba. Kisha nikamwambia kwamba darasa linamkosa. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchagua maharage. Halafu akasema, "Mwalimu, neno lile nimelisikia miaka ishirini. Nimelisikia kisimani na nimelisikia arusini. Sikutarajia kulikuta ubaoni."

Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwomba ruhusa ya kutumia maharage yake. Nikahesabu 12, nikapanga mistari 3 ya maharage 4. Nikaongeza moja. Nikamwomba apange 13 kwa mistari iliyo sawa. Akajaribu mistari 2, akajaribu 3, akajaribu 4. Kila mara yalibaki masazo.

"Hii 13 haikubali kukatwa," akasema.

"Haikubali, mama. Ndiyo maana huitwa tasa. Sasa weka mstari mwingine wa 13 chini ya huo. Jumla ni ngapi?"

"26."

"Weka wa tatu."

"39. Na wa nne ni 52." Aliendelea mwenyewe bila kuulizwa. "65. 78. 91." Hapo maharage yalipungua kwenye ungo, akasimama.

Akayatazama maharage yake kwa muda. Kisha akaniuliza, "Hizi zote zimetoka kwa 13?"

"Zote, mama. Na zinaendelea bila mwisho."

Akacheka. "Basi aliyeipa jina hakukaa akaihesabu."

Maneno hayo nimeyachukua, nami huyasema katika kila darasa ninalofundisha somo hili. Namba tasa ni namba isiyokubali kuvunjwa vipande vilivyo sawa. Lakini si namba isiyozaa. Namba nyingine zote kuanzia 2 na kuendelea zimejengwa kwa namba tasa. 

Tazama. Namba 12 ni 2 mara 2 mara 3. Namba 30 ni 2 mara 3 mara 5. Namba 24 ni 2 mara 2 mara 2 mara 3. Namba 60 unaweza kuivunja kwa kuanza na 6 mara 10, au kwa kuanza na 4 mara 15. Ukiendelea kuvunja mpaka mwisho, njia zote mbili zitakufikisha pale pale: 2 mara 2 mara 3 mara 5. Kila namba ina ukoo wake mmoja, haibadiliki. Namba tasa ndizo matofali, na namba nyingine ndizo nyumba.

Yule mama alirudi darasani wiki iliyofuata. Baba yule wa nyuma alimpisha kwenye benchi. Hakusema kitu, na mama naye hakusema kitu. 

CHEKECHEO LA HESABU

Mtu akikupa orodha ya namba, utazijuaje zile tasa? Iko njia ya zamani sana, nayo ilitoka hapa Afrika. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita aliishi mtu mmoja msomi aitwaye Eratosthenes. Alizaliwa Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya. Alifanya kazi katika mji wa Alexandria huko Misri, naye alikuwa mkuu wa maktaba kubwa ya mji huo. Njia yake huitwa chekecheo la Eratosthenes. Kila mtu aliyepata kuchekecha unga ataielewa, kwa sababu tunatenga zinazopita na zinazobaki.

Andika namba kutoka 2 mpaka 30, ubaoni au chini kwenye mchanga. Kisha fanya hivi:

Kwanza, acha 2. Futa kila namba ya pili baada yake, yaani 4, 6, 8, 10, mpaka 30. Hizo zote ni za ukoo wa 2.

Pili, acha 3. Futa kila namba ya tatu baada yake, yaani 6, 9, 12, 15, mpaka 30. Nyingine utazikuta zimekwisha kufutwa. Si kitu.

Tatu, namba inayofuata ambayo haikufutwa ni 5. Iache. Futa 10, 15, 20, 25 na 30.

Sasa simama. Zilizobaki ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Ni namba 10, na zote ni tasa.

Ukitaka kufika 100, fanya hivyo hivyo, kisha chekecha mara moja zaidi kwa 7. Utabaki na namba tasa 25. Ukipata zaidi ya 25, kuna iliyokuponyoka. Ukipata pungufu, umefuta isiyostahili.

Je, namba hizi zina mwisho? Swali hilo nalo lilijibiwa Alexandria, na mtu aitwaye Euclid, miaka ipatayo 2,300 iliyopita. Alisema hazina mwisho. Sababu yake ni hii. Chukua namba tasa zozote ulizo nazo, kwa mfano 2, 3 na 5. Zizidishe, upate 30. Ongeza 1, upate 31. Ukigawa 31 kwa 2, inabaki 1. Ukigawa kwa 3, inabaki 1. Ukigawa kwa 5, inabaki 1. Kwa hiyo namba uliyopata ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa tasa nyingine ambazo hukuwa nazo. Hapa 31 ni tasa. Hata ukikusanya namba tasa nyingi kama nini, hutazimaliza.

NAMBA YENYE SURA YA UDANGANYIFU

Kila mtu hana nafasi ya kuchekecha namba zote. Ukikutana na namba moja isiyozidi 100, ijaribu kwa 2, 3, 5 na 7 tu. Hizo zinatosha.

Kwa 2: tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa 0, 2, 4, 6 au 8, namba inagawanyika kwa 2.

Kwa 5: tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa 0 au 5, namba inagawanyika kwa 5.

Kwa 3: jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba yote inagawanyika kwa 3. Kwa mfano 57. Jumlisha 5 na 7, unapata 12. Namba 12 inagawanyika kwa 3. Kwa hiyo 57 si tasa. Ni 3 mara 19.

Kwa 7: hapa hakuna njia ya mkato iliyo rahisi. Gawa, uone kama kuna masazo.

Namba ikizishinda zote nne, nayo si moja ya hizo zenyewe, ujue ni tasa. Kwa nini hatuendelei kujaribu 11 na 13? Kwa sababu vigawo huja viwili viwili. Kama 11 ikigawa namba, lazima kuwe na mwenzake wa kuzidishwa naye. Mwenzake akiwa 11 au zaidi, namba itafika 121 au kupita. Kwa hiyo katika namba isiyozidi 100 mmoja wao lazima awe mdogo, nasi tungekuwa tumekwisha kumkamata.

Sasa jaribu 91. Mwisho wake ni 1, kwa hiyo si ya 2 wala ya 5. Jumlisha 9 na 1, unapata 10, kwa hiyo si ya 3. Watu wengi huishia hapo na kusema, "Hii ni tasa." Lakini bado hatujajaribu 7. Gawa 91 kwa 7. Unapata 13, hakuna masazo. Kumbe 91 si tasa. Ni 7 mara 13.

Namba hiyo 91 iliwahi kuleta maneno kijijini kule kule. Akina mama 13 walilima shamba la pamoja la mahindi. Yule mama wa maharage alikuwa mmoja wao. Msimu huo walivuna debe 91. Siku ya kugawana, mtu aliyewekwa kusimamia mgao alisema hivi: "91 kwa watu 13 haiendi sawa. Kila mmoja achukue debe 6. Masazo yabaki ghalani kwa gharama." Hakusema masazo ni debe ngapi. Wengi waliitikia. Namba yenyewe ilionekana mbaya, na watu 13 nao si wepesi kugawiwa.

Mama yule alinyosha mkono. Akasema, "Samahani ndugu yangu. 91 imo katika uzao wa 13." Akaomba mbegu za mahindi, akazipanga chini mbele ya wenzake. Mistari 7, na kila mstari mbegu 13, mtu mmoja mbegu moja. Hakuna iliyobaki. Kila mwanachama alistahili debe 7, si 6.

Yale yaliyoitwa masazo yalikuwa debe 13. Hayo ni mahindi ya magunia mawili. Kama msimamizi alijua au hakujua, mimi siwezi kusema. Wanakikundi wenyewe walionisimulia hawakupenda kumhukumu. Waligawana debe 7 kila mmoja. Kisha wakakubaliana kwa hiari yao kila mtu atoe kiasi kidogo kwa gharama za ghala, na kiasi hicho kikaandikwa katika daftari. Hilo ndilo jambo jema. Kutoa kwa kujua ni ushirika. Kutolewa bila kujua ni kunyonywa.

Tangu siku hiyo hesabu ya mgao katika kikundi kile hufanywa mbele ya wote, tena kwa mbegu chini, ili hata asiyejua kusoma aone.

NAMBA TASA ZINALINDA SIRI

Usidhani kwamba mambo haya ni ya ghalani tu. Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni namna ya kuficha maandishi kwa kutumia namba tasa. Wazo lao ni jepesi kueleweka. Kuzidisha 7 kwa 13 ni rahisi. Lakini mtu akikupa 91 bila maelezo, unahitaji kutafuta ilikotoka. Sasa fikiri namba mbili tasa, kila moja ina tarakimu mamia. Kompyuta huzizidisha mara moja. Lakini adui akipewa jibu tu, hata akiwa na kompyuta kubwa, hawezi kuzipata zile mbili kwa muda wa maisha yake.

Kufuli la namna hiyo limetumika kulinda habari za benki na mawasiliano ya kompyuta duniani kote. Namba zisizokubali kuvunjwa zimekuwa walinzi wa mali za watu. Lakini kumbuka, kufuli imara halimsaidii mtu aliyempa mwizi ufunguo. Usimtajie mtu namba yako ya siri ya simu au ya benki.

Wataalamu bado wanazitafuta namba tasa kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Na maneno ya yule mzee wa Alexandria bado yanasimama: iko nyingine kubwa kuliko hiyo.

Ndugu msomaji, usiihukumu namba kwa sura yake wala kwa jina lake. Ipange, igawe, uone yenyewe inasema nini. Fanya hivyo hivyo ukiambiwa kwamba fungu lako haligawanyiki. Omba mbegu, kaa chini, hesabu.

ZOEZI

1. Chukua punje 36. Zipange kwa mistari iliyo sawa. Kuna njia ngapi?

2. Namba zipi kati ya hizi ni tasa: 29, 39, 51, 53, 87, 97?

3. Vunja 84 mpaka zibaki namba tasa tupu.

4. Watu 17 wamevuna debe 85. Mtu mmoja anasema hazigawanyiki sawa. Je, ni kweli? Kila mtu apate debe ngapi?

5. Zungumzeni darasani: Katika kikundi chenu, nani anafanya hesabu ya mgao, na wengine wanaithibitishaje?